Kahawa ya Mgeni wa Bima

Kazi yangu Bukoba ilikuwa kuchambua kahawa. Tulikaa wanawake kwa safu juu ya magunia matupu, kila mmoja na rundo lake mbele, tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, tukiacha zile safi za kupelekwa bandarini. Ilikuwa kazi ya macho na vidole. Mdomo haukuwa na kazi, kwa hiyo tuliwasema watu tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni, na sitajifanya kwamba mimi nilikuwa nyuma. Niliipenda kazi ile. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi walioniona baadaye walidhani nilipelekwa kule na njaa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Ngenge baada ya ndoa kunishinda. Sikupata mtoto, mume akaoa mwingine, nami nikafunga vitu vyangu kabla hajaniambia nifunge. Kwetu binti akirudi hupokelewa. Hupewa chakula na mahali pa kulala. Lakini kibanja, ile ardhi yenye migomba na kahawa na nyumba katikati, ni cha ukoo, na baba akifa hushikwa na mtoto wa kiume. Baba yetu alikuwa hai bado, kaka yangu alikuwa mtu mwema na mkewe hakuwa na ubaya wowote. Hata hivyo sikutaka kuzeekea jikoni kwao, nikiomba ruhusa ya kukata mkungu.

Nilitaka kibanja changu mwenyewe. Kulikuwa na wanawake wa kwetu waliokwenda kufanya kazi mbali, wakarudi wakanunua vibanja. Watu waliwasema kwa minong'ono, lakini walipoalikwa nao kula walikwenda. Jirani yetu mmoja, mzee mjane asiye na mtoto, alikubali kuniuzia kipande upande wa bondeni, chenye migomba iliyokwisha kushika na mibuni kumi na kitu. Aliniambia atanisubiri misimu miwili ya kahawa. Zaidi ya hapo hakuahidi, na sikumlaumu, kwa maana naye alikuwa akizeeka. Ndipo nikaenda Bukoba kutafuta hela.

Siku niliyoumia, mashine ya kukobolea ilikuwa imesimamishwa kwa sababu maganda yameziba karibu na mkanda. Nyapara alitazama huku na huku, akaniona mimi kwa kuwa nilikaa mwisho wa safu, akaniambia niende nikayatoe. Nikaingiza mkono wa kulia. Mtu aliyekuwa upande wa pili hakuniona, akaiwasha. Ndiyo hivyo tu. Watu hungoja nieleze maumivu, na mimi sina cha kuwaeleza. Nakumbuka vumbi la maganda likitua juu ya kanga yangu, na mimi nikiwaza kwamba kanga hii nimeifua jana.

Hospitali walikata vidole vitatu vya katikati. Kidole gumba na kidole cha mwisho vilibaki, lakini havikukunjika wala kukunjuka. Kile cha mwisho kilikauka kikiwa kimejipinda, na kuanzia pale kiganjani mpaka karibu na kiwiko sikuhisi kitu. Muuguzi alinidunga kwa pini mara kadhaa akaniuliza kama nasikia. Alisema pengine hisia zitarudi. Hazikurudi. Na kusema kweli mimi mzima nilikuwa vilevile. Mama alikuja kutoka Ngenge akanililia, nami nikamtazama nikimhurumia kwa ajili ya safari yake ndefu, basi.

Aliyenieleza sheria ni karani wa boma, mtu wa mjini, Mwislamu mwenye kofia iliyofumwa na Kihaya safi kuliko cha baba yangu. Alinikalisha kwenye benchi la barazani akanieleza taratibu, na ilipobidi akarudia. Siku zile kulikuwa na sheria ya fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini, na mwenye kiwanda chetu alikuwa amekata bima, kwa hiyo watakaolipa ni watu wa bima. Njia za kuhesabu zilikuwa mbili. Kama mkono haufanyi kazi yoyote, unahesabiwa sawa na mkono uliokatwa wote. Kama bado unashika kitu, vinahesabiwa vile vidole vitatu na shauri limekwisha.

Nilifanya hesabu yangu palepale. Mkono wote ulikuwa bei ya kibanja. Vidole vitatu havikufika hata nusu yake.

Daktari alikuwa ameandika kwamba mkono ni dhaifu, na neno dhaifu, alisema karani, halimfungi mtu. Watu wa bima watamtuma mtu wao kutoka Mwanza aje kuniona. Aliinama karibu ili wengine wa kwenye benchi wasisikie.

"Siku akija, mwonyeshe yale yanayokushinda," akaniambia. "Yale unayoyaweza yaache kwanza. Umenielewa, dada?"

Nilimwelewa. Naliandika hili ili asije mtu akasema sikuambiwa.

Nikarudi Ngenge kungoja. Pale nyumbani ndipo mama aliponishika kwa mafunzo yake, ambayo hayakuhusu bima hata kidogo. Kwetu kitu hakitolewi kwa mkono wa kushoto. Hata mtoto anayetambaa akikunyooshea kipande cha ndizi kwa kushoto, unamsubiri abadilishe ndipo upokee. Kumpa mtu mzima kwa kushoto ni kumtukana bila kufungua mdomo. Na kitu cha kwanza anachopewa mgeni ni kahawa ya kutafuna, tunayoiita akamwani, zile punje zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa. Huwekwa katika kikapu kidogo cha ukindu, na binti wa nyumba hupiga magoti akamtolea mgeni kwa mikono miwili. Kabla ya hapo hakuna mazungumzo yoyote ya maana yanayoanza.

Mama hakuuliza nitaishije bila kazi. Alichouliza ni nitaishije bila kuweza kumpa mtu kitu. Kwake hilo ndilo lililokuwa ulemavu. Akatafuta njia. Alikilaza kikapu juu ya kiganja changu kilichokufa, ukingo wake akauingiza kwenye kile kidole cha mwisho kilichojipinda, kisha mkono wa kushoto ukaja chini yake kukibeba. Ncha ya kanga iliangukia pale vidole visipokuwepo. Uzito wote ulikuwa kushoto, lakini mtu aliyekaa mbele yako aliona mikono miwili imekuja kwake kwa heshima.

Mwanzoni kilianguka kila mara. Punje zilitawanyika kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, mama akaziokota mwenyewe, akakijaza tena. Tulifanya hivyo kila jioni kabla ya kupika, yeye akiwa mgeni. Nilikuwa nikipiga magoti mbele ya mama yangu mpaka magoti yakaota sugu. Jioni moja alisogea mpaka mlangoni akanitazama kutoka mbali, akaniambia nirudie, akanitazama tena.

"Sasa mgeni hataona kitu," akasema.

Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi chochote tangu kiwandani, na furaha hiyo ilinifanya nilale vizuri.

Barua ililetwa na mwalimu wa kanisa siku ya Jumamosi. Karani aliandika kwamba mtu wa bima atapita Muleba Jumatatu akielekea kusini kwa shughuli nyingine, na badala ya kuniita Bukoba atakuja kuniona nyumbani. Nilimsomea baba. Nilitegemea aniulize tutasema nini. Aliuliza atakuja na watu wangapi.

Jumapili hatukupumzika. Kaka alikwenda bondeni kukata majani mabichi, tukatoa yale ya zamani yaliyotandikwa sakafuni, tukatandika mapya nyumba nzima mpaka ikanukia. Baba aliazima viti viwili kwa mwalimu wa kanisa na kitambaa cha meza kwa mke wa mwalimu. Kuku aliyekuwa ametengewa Krismasi alichinjwa. Kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kililetwa kutoka kwa mjomba, ingawa baba mwenyewe aliacha kunywa tangu abatizwe. Mimi nilivalishwa gauni la kanisani. Ukiingia kwetu siku ile ungesema tunaozesha mtu.

Nilimkumbusha baba maneno ya karani. Nilisema pengine tusiweke mambo mengi, mgeni mwenyewe anakuja kutazama shida. Alinitazama kana kwamba nimemwambia apokee wageni uchi. Alisema shida ya mtu ni ya kwake na Mungu wake, na mgeni hana kosa.

Mgeni alikuwa Mzungu wa makamo, mnene kidogo, mwenye adabu. Aliliacha gari barabara ilipoishia akapanda kwa miguu, akafika akihema. Kiswahili alikijua cha kutosha. Kihaya hakujua hata salamu. Baba yangu alikijua Kihaya na Kiswahili cha sokoni tu, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Majirani walikuwa wamejaa kwenye kizuizi cha ua, na yule mzee mjane alikuwa miongoni mwao.

Mgeni alipokaa, mama alinipa kikapu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Kutoka mlango wa ndani mpaka kwenye kiti kile ni hatua saba au nane, na katika kila hatua niliyasikia maneno ya karani kama yalivyo. Ningeweza kukitoa kwa kushoto peke yake, nikamtukana mgeni wa baba yangu mbele ya kijiji. Ningeweza kukiacha kianguke, jambo ambalo nilikwisha kulifanya mara mia bila kutaka. Nilipiga magoti. Kikapu kilikaa. Mikono miwili ilikwenda kwake kama mama alivyonifunza, na kanga ikaanguka mahali pake. Mgeni alichukua punje mbili, akashukuru, akatabasamu. Nilimtazama mama kule mlangoni. Naona aibu kulikiri, lakini nilitaka aone nimefanya vizuri.

Chakula kilipokwisha alitoa karatasi zake. Alimuuliza baba binti yake anafanya kazi gani siku hizi.

"Mwambie kwamba binti yangu hajashindwa na kazi," baba akajibu kwa Kihaya, kwa sauti ya kufika kwenye ua. "Analima, anapika. Mgeni hatoki hapa na njaa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Ningeweza kupindisha, nani angejua? Majirani wachache waliosoma shule, labda. Lakini sikuwahi kuyapindisha maneno ya baba yangu, na siku ile ulimi wangu ulifanya kazi yake wenyewe huku mimi nikiusikiliza. Sikulima. Jembe nilikuwa nimelishika mara moja tangu nirudi likanichomoka. Chakula alichokula kilikuwa ndizi zilizomenywa na mama zote, mkungu mzima, kwa maana kumenya ndizi ni kazi ya mikono miwili na haina ujanja wa kikapu.

Kisha akaomba kuuona mkono. Nikafunua kanga. Aliutazama, akagusa kiganja kwa ncha ya penseli.

"Unauma?" akaniuliza.

"Hauumi," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna kilichokuwa kikiuma pale. Hakuniuliza kama nahisi ile penseli, nami sikufikiri kumwambia. Akaandika. Alipoondoka alimpa baba mkono, akamsifu kwa nyumba nzuri, na baba alimsindikiza mpaka kwenye gari.

Majibu yalifika boma baada ya miezi miwili, na karani aliniita. Alinisomea polepole nakala ya Kiswahili. Yaliandikwa kwamba mlalamikaji ana afya njema, hana maumivu, na anafanya kazi za shamba na jikoni kwa ushahidi wa baba yake mzazi. Tena alionekana kwa macho akibeba chombo kwa mikono miwili na kumhudumia mgeni bila taabu. Mkono unashika. Vihesabiwe vidole.

Karani aliikunja karatasi. Aliniuliza ni chombo gani hicho. Nikamwambia ni kikapu cha kahawa. Alikuwa Mhaya, hakuhitaji nieleze zaidi, akazungusha kalamu mkononi. Mwishowe alisema barua hii si amri, iko nafasi moja ya kwenda mbele ya Bwana Shauri, Mzungu anayetawala wilaya, lakini niende na baba, kwa sababu ni neno la baba lililoandikwa.

Sikujua nitamwambiaje. Nilifika nyumbani nikamsomea barua yote, mpaka pale penye neno "bila taabu". Alinitaka nirudie sehemu ile ya ushahidi wa baba mzazi. Nikarudia. Kesho yake alimwomba mama ampigie pasi kanzu.

Tulitembea mpaka Muleba, tukapanda lori la mizigo mpaka Bukoba. Baba alikaa mbele na dereva kwa ajili ya umri wake, mimi nyuma juu ya magunia. Nilikuwa na hasira naye, hasira ambayo nilitamani ingekuwa kali zaidi. Ilikuwa imelala ndani yangu kama ule mkono, naibeba tu.

Bwana Shauri alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, na hakuwa mtu mbaya. Alituonyesha viti. Karani alisimama pembeni kutafsiri. Baba hakukaa. Alivua kofia akaishika kifuani, na mtu aliyemjua angejua kwamba kwa hadhi yake na umri wake hajawahi kuivua mbele ya mtu wa umri ule.

"Nilimdanganya mgeni," akasema. "Binti yangu halimi. Ndizi humenyewa na mama yake. Mkono ule umekufa."

Karani akatafsiri. Sijawahi kumsikia baba akisema neno baya juu ya nyumba yake, kabla ya siku ile wala baada yake. Bwana Shauri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alijibu kwa upole kwamba anaelewa, lakini kila mzazi anayepata barua ya fidia ndogo huja hapa kusema maneno yake ya kwanza yalikuwa uongo. Yeye afanyeje? Tena hapa pana mtu aliyeona kwa macho yake. Akaomba ile barua ili aandike juu yake kwamba tumesikilizwa.

Barua ilikuwa mapajani mwangu. Nikaanza kuilaza juu ya kiganja cha kulia, ukingo kwenye kidole kilichojipinda, na kushoto kuja chini. Sikufikiri. Mikono ilikwisha kuzoea.

"Acha hivyo," baba akaniambia. "Mpe kwa kushoto."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama. Karani naye aliinua kichwa.

"Mpe kwa kushoto," akarudia, "aone."

Niliushusha mkono wa kulia nikauacha ukining'inia. Nikasimama, nikamnyooshea mtawala wa wilaya nzima barua kwa mkono wa kushoto peke yake, mbele ya baba yangu aliyevua kofia. Mgongo ulinisisimka wote. Nilielewa alichokuwa akifanya. Alikuwa hana ushahidi mwingine. Binti aliyelelewa katika nyumba yake asingefanya jambo lile kama mkono wa kulia ungekuwa na uwezo hata wa kushika unyoya, na kila mtu mwenye akili angeliona hilo. Karani aliinamisha macho chini akatazama viatu vyake.

Bwana Shauri aliipokea barua, akasema asante, akaandika alichotaka kuandika.

Karani alimwambia kitu kwa Kiingereza, maneno mengi kidogo, akionyesha mikono yake mwenyewe, kulia na kushoto. Bwana Shauri alimsikiliza, akatabasamu kwa adabu, akajibu maneno mafupi. Karani hakututafsiria. Alitusindikiza mpaka barazani, akamwinamia baba kwa namna ya kumwinamia mtu mkubwa, akarudi ndani.

Jibu la mwisho lilikuwa kama la kwanza. Mzee mjane alingoja misimu yake miwili, na siku chache zaidi kwa hisani yake, kisha akamwuzia mwalimu wa kanisa. Malipo ya vidole nilipewa, yakaisha kama hela zinavyoisha, chumvi na sabuni na karo ya mtoto wa kaka. Nimezeeka jikoni kwa kaka yangu. Mkewe hunimenyea ndizi na hajawahi kuninung'unikia, na mkungu nikiutaka naomba.

Baba aliishi miaka tisa baada ya siku ile. Hatukuzungumza habari za boma hata mara moja. Lakini tangu jioni tuliyorudi, nilipompelekea kahawa yake sikukilaza tena kikapu juu ya kiganja. Nilimpa kwa kushoto, naye aliweka kando alichokuwa nacho akakipokea kwa mikono yote miwili, hata wageni wakiwepo.